Kijana Akiomba Fedha za Kompyuta: Hakikisha Vipuri Vinapatana Kwanza

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu. Tangu machungwa yaanze kuuzwa msimu huu, swali moja limenifuata kila kijiji ninachokwenda, kuanzia Muheza, kushuka Pangani hadi kupanda Mkinga. Mzazi ananivuta pembeni baada ya mkutano na kuniambia: "Bwana shamba, kijana wangu anataka kompyuta ya kuunga. Anasema milioni tatu. Ni kweli, au ananila?"

Swali hilo naliheshimu. Milioni tatu kwa wengi wetu ni machungwa ya shamba zima yaliyouzwa yakiwa bado juu ya mti, au ni ng'ombe wawili watatu waliokuwa akiba ya nyumba. Fedha kama hiyo haitoki mara mbili kwa mwaka. Ikipotea, mwakani palizi inafanywa kwa mkopo.

Mimi nilisomea kilimo, si kompyuta. Lakini kazi hii ya ugani imenifanya nikae na vikundi vya vijana wanaoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule usio na riba wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Siku hizi maandiko ya miradi yao hayana kuku na bustani peke yake. Kuna stesheni za kuchapa na kutoa nakala, kuna studio za kurekodi, kuna vijana wanaopiga video za harusi, maulidi na mahafali. Ili niwashauri vizuri nimelazimika kujifunza vifaa vyao, nimekaa na mafundi wa Ngamiani pale Tanga mjini, nimefungua makasha na kuhesabu wati. Nilichokiona ni kwamba jambo hili mkulima analielewa haraka kuliko anavyodhani, maana ni jambo la kupatana.

Wewe unajua kwamba mashine ya kuvuta maji ya inchi 3 ukiifunga bomba la inchi 1, maji yatakayofika bustanini ni ya inchi 1, na injini utaichosha bure. Unajua pia kwamba mbegu ya muhogo inayozaa vizuri bara inaweza kuja pwani kwetu ikaoza mizizi kwa michirizi ya kahawia. Mashine ilikuwa nzima, bomba lilikuwa zima, mbegu ilikuwa nzuri. Havikupatana tu. Kompyuta ya kuunga ni hivyo hivyo.

Kwanza, je, anaihitaji kweli?

Kompyuta ya kuunga ni ile ambayo mnunuzi anachagua kila kipuri mwenyewe na fundi anakiunganisha. Faida yake ni kwamba fedha inakwenda pale kazi inapohitaji nguvu, na kipuri kimoja kikifa unabadilisha hicho kimoja.

Lakini si kila kazi inaitaka. Kama kijana wako anataka kufungua stesheni ya kuchapa barua, kutoa nakala, kujaza fomu za ajira na za vyuo, na kusaidia watu kwenye mifumo ya serikali, hahitaji mashine ya milioni tatu. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile za Dell na HP zinazoingia nchini kwa wingi, ikiwa na ramu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, inatosha na kubaki. Aangalie jambo moja tu: iwe na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 11 inakataa nyingi za zamani, na Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Anayehitaji mashine ya nguvu ni yule anayehariri video kubwa, anayechora ramani za nyumba kwa pande zote, au anayerekodi muziki wenye sauti nyingi kwa pamoja. Kijana anayepiga harusi tatu kwa mwezi kwa kamera nzuri hawezi kuhariri kwa mashine dhaifu. Video ya saa moja itamlaza macho, na bwana harusi atachoka kupiga simu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwake lisiwe "bei gani?" Liwe hili: "Kazi gani, kwa programu gani, na nani ameshakulipa kwa kazi hiyo?" Akijibu kwa majina ya programu na ya wateja, endelea kusoma naye.

Mzee aliyedhani ameibiwa na mwanawe

Nikupe mfano mmoja, bila jina, wa upande wa Muheza. Mzee aliuza machungwa yake na kumpa kijana milioni mbili na laki nane. Kijana alikuwa anapiga video za harusi kweli, na wateja alikuwa nao. Alinunua vipuri kwa vipande katika maduka matatu tofauti, kila duka kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kwa kipuri hicho. Alipofika nyumbani na kuunga, feni zilizunguka lakini kioo kilibaki cheusi. Siku tatu, kioo cheusi.

Mzee alinipigia. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba, bwana shamba. Njoo uone milioni mbili na laki nane inayozungusha feni." Alikuwa ameshaamini kwamba kijana amekula fedha na kununua vitu vibovu kufunika. Walikuwa hawasemeshani. Na kijana alikuwa ameshapokea kianzio cha harusi tatu.

Nilikwenda na fundi. Tulikuta hivi. Prosesa ilikuwa na herufi F mwishoni mwa jina lake, maana yake haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, inategemea kadi ya grafiki. Kadi ya grafiki ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ndefu kuliko kasha kwa vidole vitatu, haikuingia. Na hata ingeingia, pawa saplai iliyokuja na kasha haikuwa na waya wa kuilisha umeme. Kwa hiyo kadi ilikaa ndani ya boksi, na bila kadi, prosesa ile haikuwa na njia ya kutoa picha. Kila kipuri kilikuwa kizima.

Tukakaa kwenye mkeka, nikaandika kila kipuri kwenye karatasi na kuchora mstari pale kinapomkataa mwenzake. Mzee alisoma polepole, akasema: "Kumbe si wizi. Ni ndoa mbovu."

Ilibidi kununua kasha kubwa na pawa saplai nyingine, na fedha hiyo ilitoka kwenye nazi zilizokuwa zimepangiwa ada ya mdogo wake. Harusi mbili kati ya tatu walirudisha kianzio. Mashine inafanya kazi hadi leo, lakini hasara ile ilikuwa inaweza kuzuiwa kwa karatasi moja na nusu saa ya kuuliza. Ndiyo maana naandika hapa chini mambo ambayo wewe mwenye fedha unaweza kuyauliza hata kama hujawahi kugusa kompyuta.

Prosesa na mazabodi

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Mazabodi, ambayo wengine huiita ubao mama, ni ile sahani kubwa ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake. Prosesa inakaa kwenye soketi, na soketi ni kama tundu la mpini wa jembe: mpini usiolingana hauingii hata uupige nyundo.

Kwa Intel, prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14 za mezani zinakaa kwenye soketi LGA1700. Za kizazi cha 10 na 11 zinakaa LGA1200. Zote ni Intel, lakini haziingiliani. Kwa AMD, soketi AM4 ilianza mwaka 2016 na ikachukua Ryzen nyingi hadi zile za 5000. Soketi AM5 ilikuja mwaka 2022 na Ryzen za 7000. Prosesa ya AM4 haiingii AM5, wala ya AM5 haiingii AM4.

Kulingana kwa soketi hakutoshi. Ndani ya mazabodi kuna programu ndogo ya kuamsha mashine, inaitwa bayosi. Mazabodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa kutoka inaweza kuwa na soketi sahihi lakini bayosi yake haiijui prosesa hiyo, nayo haitawaka mpaka bayosi isasishwe. Mwambie kijana aombe duka lisasishe bayosi kabla hajaondoka. Hili lina uzito zaidi kwa Intel za kizazi cha 13 na 14: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zinapata umeme wa juu kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya bayosi na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Ukinunua iliyotumika ya aina hiyo, uliza kama ilisasishwa.

Na ile herufi F usiisahau. Kwa Intel, F mwishoni ina maana hakuna picha bila kadi ya grafiki. Kwa AMD za AM4, nyingi zisizo na herufi G nazo hazitoi picha zenyewe. Si kosa kuzinunua, huwa nafuu, ila ujue kwamba kadi ikiharibika kioo kitakuwa cheusi mpaka upate nyingine.

Ramu

Ramu ni meza ya kazi: ikiwa ndogo, vitu vinadondoka. Kwa kuhariri video, gigabaiti 16 ni mwanzo na 32 ni raha.

Kuna DDR4 na kuna DDR5. Kikato kilichopo katikati ya kipande kimewekwa mahali tofauti ili zisichanganywe, kwa hiyo ikikataa kuingia usilazimishe. AM4 inatumia DDR4. AM5 inatumia DDR5 peke yake. Mtego uko LGA1700: kuna mazabodi zake za DDR4 na nyingine za DDR5, na kwa macho zinafanana. Soma maandishi yaliyoko kwenye boksi.

Inunuliwe kwa jozi, vipande viwili vya aina moja, kwa sababu mazabodi inavisoma viwili kwa pamoja na kwa kasi zaidi. Ng'ombe wa plau unawafunga wanaolingana nguvu, si ndama na fahali.

Diski

SSD ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi huitwa M.2. Hapa pana mtego, kwa sababu M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za NVMe na kuna za SATA, ambazo ni za polepole zaidi. Mazabodi nyingine zina tundu linalokubali aina moja tu. Uliza zote mbili: tundu linakubali ipi, na hii unayoniuzia ni ipi?

Kwa mpiga video, diski moja haitoshi. SSD iwe ya kufanyia kazi, na hadi diski ya kawaida iwe ghala la harusi zilizokwisha. Mkulima haweki mbegu na mahindi ya kula kwenye kiroba kimoja.

Kadi ya grafiki na kasha

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha na kusaidia kuhariri video. Ndiyo pia inayokula fedha na umeme zaidi. Kwa mfano, kadi ya NVIDIA RTX 4060 inatumia wati 115, RTX 4070 inatumia wati 200, na RTX 4090 iliyotoka mwaka 2022 inatumia wati 450. Hiyo ya mwisho peke yake inakula umeme kuliko televisheni kadhaa za sebuleni kwa pamoja. Kijana akikutajia RTX 4090 kwa kazi ya harusi, mwambie arudi kwenye swali la kwanza.

Kadi inapimwa kwa mambo matatu: urefu wake kwa milimita, unene wake, na aina ya waya za umeme inazodai. Kasha nalo lina namba ya urefu wa juu wa kadi inayoweza kuingia. Chukua namba mbili hizo, linganisha. Ndiyo vidole vitatu vya yule mzee.

Kasha lazima likubali pia ukubwa wa mazabodi. ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa linapokea mazabodi ndogo, lakini dogo halipokei kubwa. Kipozeo cha prosesa nacho kina kimo, na kasha lina kikomo cha kimo hicho. Pia kipozeo kiwe na vishikizo vya soketi yako.

Tahadhari kwa wanaotaka kuongeza kadi kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika. Zile nyembamba zinapokea kadi fupi maalumu tu. Na nyingi za Dell na HP zina pawa saplai yenye plagi za peke yake, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kwa ile ya kawaida ya dukani. Watu wengi hununua mashine ya laki tatu wakidhani wataiongezea nguvu baadaye, kumbe mlango umefungwa.

Pawa saplai

Hiki ndicho kipuri ambacho vijana hubana fedha, na ndicho kinachoua vingine. Pawa saplai inachukua umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kipuri. Ikiwa mbovu, inapasuka na kuondoka na wenzake.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme prosesa inakula wati 125, kadi wati 200, na vingine vyote wati 75. Jumla ni 400. Ongeza nusu yake, yaani 200, upate 600. Nunua ya 650. Nyongeza hiyo ni kwa sababu kadi huruka ghafla kuvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na kwa sababu kitu kinachokimbia mwisho wa nguvu zake hakidumu.

Usiamini namba kubwa iliyobandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo, mstari wa volti 12. Zidisha volti kwa ampia. Kama imeandikwa 500 lakini mstari wa volti 12 una ampia 25, basi 12 mara 25 ni wati 300, na hizo ndizo ambazo prosesa na kadi zitapata. Hesabu hii unaweza kuifanya kwa simu yako ukiwa dukani.

Mambo mawili mengine. Baadhi ya pawa saplai za bei nafuu au zilizotumika zina swichi nyuma ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa 115, utasikia mlio na kunusa moshi siku ya kwanza. Na zile ambazo waya zake zinachomoka, usitumie waya wa pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia. Upande wa mazabodi hufanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga njia zake. Inaweza kuunguza diski yenye kazi za mwaka mzima.

Pwani yetu nayo ni kipuri

Haya hutayasikia kwa muuzaji wa mjini. Mashine lazima ipatane na Tanga pia.

Chumvi ya bahari inakula chuma. Nyumba iliyo karibu na maji kule Kigombe, Tongoni au Moa, kompyuta isikae dirishani kunakopiga kusi. Masika, unyevu unaingia kila mahali. Mashine inayowashwa kila siku hujikausha yenyewe kwa joto lake, ila iliyofunikwa kwa nailoni miezi miwili huota kutu. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, na vumbi lisafishwe kila mwezi. Chagua kasha lenye wavu wa kuchuja vumbi, na mashimo yasiyotumika yazibwe, maana mijusi hupenda kulala mahali penye joto na wakigusa njia mbili za umeme, shoti hiyo unailipia wewe.

Umeme wetu hupanda na kushuka. Mashine ya fedha nyingi inahitaji stabilaiza au UPS. UPS huandikwa VA, na VA si wati: iliyoandikwa VA 650 inaweza kuwa na wati chini ya 400. Pia pawa saplai za kisasa zenye ubora hazipatani na kila UPS ya bei nafuu. Nyingine huzima ghafla umeme unapokatika, jambo ambalo UPS ilinunuliwa kulizuia. Waombe dukani wachomoe plagi ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, uone kwa macho. Radi zikianza, chomoa kila kitu. Na nyumba iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi, si tundu la tatu la pambo.

Halafu LUKU. Mashine ya wati 400 ikifanya kazi saa 5 kwa siku inakula yuniti 2, yaani yuniti 60 kwa mwezi. Kundi la bei nafuu la majumbani lina kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha na friji na taa, utavuka, na bei ya yuniti itapanda kwa nyumba nzima. Hiyo ni gharama ya biashara, ihesabiwe kwenye bei ya harusi. Na kwa vijiji visivyo na umeme: sola ya taa na kuchaji simu haibebi mashine hii hata kidogo. Kwa sola, mwambie kijana afikirie kompyuta mpakato.

Kununua na kusafirisha

Vipuri vyote vinunuliwe duka moja ikiwezekana, hata kama bei itazidi kidogo. Ukinunua maduka matatu, kila muuzaji atasema kosa ni la mwenzake. Ukinunua kwa mmoja, kupatana kunakuwa mzigo wake. Mashine iungwe palepale, iwashwe, ifanyishwe kazi nzito kwa saa moja ukiangalia. Ikizima au kunguruma, bado iko mikononi mwa muuzaji.

Dai risiti ya EFD yenye majina kamili ya vipuri, si neno "kompyuta" peke yake. Andika namba za siri za kila kipuri kwenye daftari. Uliza dhamana ni ya nani: ya duka au ya mtengenezaji, na ni ya muda gani.

Kutoka Dar hadi Tanga ni safari ya kilomita 350 hivi, na baada ya hapo kuna bodaboda ya kijijini. Kabla ya kusafiri, kadi ya grafiki nzito ichomolewe na irudishwe kwenye boksi lake, kwa sababu ikining'inia inaweza kuvunja tundu lake njiani. Kipozeo kikubwa cha chuma nacho hivyo hivyo. Kasha lilazwe juu ya godoro au nguo, mazabodi ikiwa chini kama sahani mezani, na mtu akae nalo. Usiliweke kwenye buti chini ya magunia ya watu.

Karatasi ya kukaa nayo mfukoni

Kabla hujatoa hata shilingi, kaa na kijana mezani, aandike majibu haya kwa mkono wake:

1. Kazi ni ipi, na programu ni zipi?
2. Prosesa ni ipi, na soketi yake ni ipi?
3. Mazabodi ina soketi hiyo hiyo, na bayosi yake inaijua prosesa hiyo?
4. Prosesa inatoa picha yenyewe au inategemea kadi?
5. Ramu ni DDR4 au DDR5, na mazabodi inataka ipi?
6. Tundu la M.2 linakubali diski ya aina gani?
7. Kadi ina urefu gani, na kasha linapokea urefu gani?
8. Kipozeo kina kimo gani, na kina vishikizo vya soketi hiyo?
9. Jumla ya wati ni ngapi, na pawa saplai ina ampia ngapi kwenye volti 12?
10. UPS imejaribiwa na mashine hii?
11. Umeme kwa mwezi utakula kiasi gani, na nani atalipa?

Kijana anayejua anachokitaka atajaza karatasi hii kwa siku mbili, kwa sababu namba zote zimeandikwa na watengenezaji wenyewe. Asiyejua atakasirika na kusema unamchelewesha. Mpe muda, usimtukane. Ninawaona vijana wengi wazuri wanaoitwa wezi nyumbani kwao kwa sababu ya plagi moja isiyoingia, na ninawaona wazazi wengi wazuri wanaotoa fedha ya mwaka mzima bila kuuliza swali hata moja, kwa kuona aibu kwamba hawajui. Hakuna aibu hapo. Mbegu ukinunua unauliza aina, unauliza imepimwa wapi, unageuza pakiti kusoma tarehe. Fanya vivyo hivyo.

Karatasi ikijaa na bado una wasiwasi, ipeleke kwa fundi ambaye hauzi vipuri, umlipe ushauri wake. Au njoo nayo ofisi ya kata siku ya gulio, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Kijana aje nawe.